Memori ya Karibu na Memori ya Mbali

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika! Wabebaji wanne, lifti mbovu, ghorofa ya tatu. Mmoja wao kaapa hatakanyaga tena jengo letu. Sasa imekaa kwenye chumba cha mashine, inanguruma, taa za kijani zinacheza. Nimeizunguka mara tatu. Nimeigusa. Mwenzangu Bwana Ghala kaniambia niache kuichumbia mbele ya watu.

Niandike vizuri nikiwa bado nina furaha. Mashine hii ina memori za aina mbili. Moja ndogo, imekaa jirani kabisa na prosesa, ubongo wa mashine – ukiita, inaitika. Ya pili kubwa mno, lakini iko mbali – ukiita, inakuja ikijivuta. Tatizo ni kwamba mfumo endeshi huzichanganya zote mbili zikaonekana kitu kimoja. Programu inaomba nafasi. Kerneli – kiini cha mfumo, shamba langu mimi – inaipa popote. Programu haijui kama imepewa kiti cha mbele au imetupwa uani. Mimi nimekaa miezi kumi na minne nikiifundisha kerneli kusema ukweli: hapa ni haraka, hapa ni polepole, chagua mwenyewe. Basi. Hiyo ndiyo kazi. Ukiisema hivyo inaonekana ya siku mbili.

Mteja ni ofisi ya hali ya hewa. Kukokotoa utabiri wa kesho kunawachukua saa tisa. Ukija kutoka, watu wameshaloa. Tumewaahidi saa nne. Nani kawaahidi? Mimi! Kwa mdomo wangu huu, mbele ya Mkurugenzi, nikiwa nimeshiba.

Wanakuja kuona Ijumaa tarehe 21. Ikishindikana, Mkurugenzi atarudisha mfumo wa zamani, na mimi nitahamishiwa kitengo cha printa. Kalisema hilo akitabasamu. Printa! Miaka kumi na sita kwenye kerneli, halafu nikafungue trei kuwatolea watu karatasi zilizokwama.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe bado yupo. Alikuja kwa wiki moja kutibiwa meno. Hii ni ya tano, na meno yalipona wiki ya pili. Simlaumu. Ni mkunga mstaafu, kazoea pilikapilika, na mimi na mwanawe tunaonekana machoni pake kama wodi isiyo na muuguzi.

Leo kaniuliza tena kazi yangu ni ipi hasa. Nikamweleza kwa vyombo vya jikoni. Kuna rafu iliyo juu ya jiko, na kuna stoo ya nyuma. Mpishi akijua kipi kiko wapi, chakula kinaiva mapema. Alisikiliza kwa makini kabisa. Kisha akauliza: kwa hiyo wewe unalipwa kuwaambia watu stoo iko wapi? Nikasema karibu hivyo, mama.

"Na wao hawana macho?"

Hawana, mama. Ndiyo shida yenyewe.

Jioni nimemsikia akimweleza jirani kwamba mke wa mwanawe anafundisha vipofu. Jirani kasema Mungu ambariki. Sijasahihisha. Ni mara ya kwanza mtu kuibariki kazi yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano. Mimi na Bwana Ghala tumeshikana mashati – kwa maneno tu.

Bwana Ghala ni mwenzangu wa miaka mingi. Jina hilo kalipata kwa sababu hatupi kitu. Droo yake ina nyaya za simu za mezani. Yeye ndiye anaandika maktaba inayokaa kati ya programu za wateja na kerneli yangu. Maktaba inaiuliza kerneli, "Pa haraka ni wapi?", kisha inapeleka data huko. Lakini moyoni haamini. Yeye anataka kerneli inyamaze na iamue yenyewe. Kasema ukimwonyesha kila mtu kiti cha mbele, nani atakaa nyuma? Nikamjibu kwamba programu zimekua, zinajua shida zao, na kuzificha mambo ni dharau. Ningeishia hapo. Sikuishia. Nikasimama, nikapiga meza, nikasema mfumo unaoficha udhaifu wake hauaminiki!

Mkurugenzi akaiandika sentensi hiyo kwenye ubao mweupe. Na jina langu chini yake. Kwa wino usiofutika, kwa bahati mbaya – alichukua kalamu isiyo yake.

Kisha akatoa agizo lake la siku zote: wateja hawapendi tarakimu. Nilikuwa nimepanga mfumo uonyeshe muda halisi wa kusubiri wa kila memori, kwa nanosekunde. Kaziangalia, uso ukamkunjamana kama aliyeng'ata ndimu. Tuseme tu Daraja la Kwanza na Daraja la Pili, kasema. Haya. Nimezificha tarakimu. Dakika ishirini.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tuliiwasha saa moja asubuhi. Ofisi ya hali ya hewa wamemtuma mtabiri wao mkuu, mama mrefu mpole aliyekuja na mwavuli ilhali utabiri wake mwenyewe ulisema jua kali. Sote tukakaa. Chai. Mzaha. Saa nne zikapita – bado. Saa sita. Mkurugenzi akaanza kueleza historia ya kampuni. Saa ya tisa ikafika, ikapita. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Ilimaliza saa kumi na mbili jioni.

Muda wa saa kumi na moja! Ilikuwa tisa, nimeifanya kumi na moja!

Mama Mtabiri akafunga daftari lake taratibu. Kasema labda mashine bado ina uchovu wa safari. Afadhali angenitukana.

Alipotoka tu nikamgeukia Bwana Ghala. Nikamwambia maktaba yake haisikii inachoambiwa. Akaja juu. "Nimekaa nilipoonyeshwa! Umesema Daraja la Kwanza, nimeingia Daraja la Kwanza! Ulitaka niingie wapi, mfukoni mwako?" Nikasema basi imeingia na viatu vichafu. Hata mimi sijui maana yake. Lakini niliisema kwa nguvu, na Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa upande wangu, si wake.

Ijumaa, 7 Machi

Mkurugenzi kamtaka Bwana Ghala aombe radhi. Mbele ya kitengo kizima, pamoja na yule dada wa mapokezi, ambaye hahusiki na chochote. Kaomba. Alikuwa anaangalia zulia. Mimi nikakubali kwa ukarimu mkubwa – nikikumbuka ukarimu ule sasa, naona nilizidisha.

Ataiandika maktaba upya. Kafuta likizo yake, ya kwanza kwa miaka mitatu. Alishanunua kofia ya safari. Imetundikwa juu ya skrini yake, karatasi ya dukani ingali inaning'inia.

Jumapili, 9 Machi

Bwana Ghala yuko ofisini tangu jana. Najua kwa sababu ananitumia maswali. Najibu kwa neno moja moja. Mume wangu kaniuliza kwa nini natabasamu.

Jumanne, 11 Machi

Jaribio la pili, maktaba mpya. Limekesha usiku kucha: saa kumi na moja na dakika tatu.

Basi si Bwana Ghala. Sawa. Nimekubali. Nimemwambia, "Inaelekea si wewe peke yako." Ndiyo radhi niliyoiweza.

Basi nani? Nimewaza mchana kutwa, nikagundua. Kiwanda! Kerneli yangu haipimi memori yenyewe. Mashine hutoka kiwandani na jedwali: memori hii inasubirisha kiasi hiki, ile kiasi kile. Kerneli inasoma jedwali, inapanga madaraja, inazitangazia programu. Leo nimechukua saa ya kupimia nikaijaribu memori ya Daraja la Kwanza. Inajikokota! Ndiyo ile ya mbali! Jedwali limetudanganya. Nimeruka kwenye kiti. Bwana Ghala naye karuka. Tumepeana mikono, adui wa jana. Hakuna kinachopatanisha watu haraka kama mkosaji wa mbali.

Jumatano, 12 Machi

Nimewaandikia kiwanda. Kurasa mbili. Sijawahi kuandika kitu kitamu hivi. Nimewauliza kama jedwali lao huandikwa na mtu aliye macho. Nimesema mhandisi makini husoma kazi yake mwenyewe kabla ya kumtupia mwenziwe. Neno "uzembe" limetokea mara nne. Nilitaka tano, Bwana Ghala kanishika mkono. Nakala kwa Mkurugenzi, kwa Mama Mtabiri, na kwa kitengo kizima.

Mkurugenzi kaisoma kwa sauti kwenye korido.

Alhamisi, 13 Machi

Kiwanda wamejibu! Wameshtuka, wanaomba radhi, wanamtuma mhandisi wao mwandamizi. Anafika tarehe 20 na kifaa kipya chenye jedwali lililokaguliwa. Siku moja kabla ya wageni. Nimelala fofofo mchana, dakika kumi, juu ya dawati. Sitaenda printa mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Ee Mola wangu.

Niende polepole. Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Leo ilikuwa siku ya kutangaza matokeo ya wanafunzi wake kumi na wawili. Karudi saa nane, uso umemshuka, kakaa hata viatu hajavua. Mama mkwe kamletea maji. Tukamuuliza kulikoni.

Akaeleza. Mtihani wa barabarani huhesabiwa kwa makosa. Yeye kaziingiza hesabu kwenye kompyuta, kaiambia ipange kubwa juu, ndogo chini, kama anavyopanga kila mwezi maksi za darasani. Kachapisha, kabandika ukutani, kaita watu. Wa kwanza: mama muuza maua, makosa arubaini na moja! Huyu ndiye aliyegonga lango la chuo akiwa anatoka, akaligonga tena akirudi kuomba samahani. Kapigiwa makofi. Kapewa zawadi. Katoa hotuba, kamshukuru Mungu, kamshukuru mumewe aliyesema hataweza. Na wa mwisho? Dereva wa trekta, mtu mzima, makosa mawili tu. Kaambiwa arudie mafunzo toka mwanzo. Alilia, mume wangu kasema. Alikwenda kulia nyuma ya gari.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Mama mkwe alishika taya kwa mikono miwili kuyanusuru meno aliyotibiwa. Nikawa namfundisha mume wangu huku nafuta machozi: ndugu yangu, makosa hayapangwi kama maksi! Maksi, kubwa ndiyo bora. Makosa, ndogo ndiyo bora. Hata mtoto wa darasa la pili ukimpa mkanganyiko huu –

Nikakwama hapo hapo. Mdomo wazi.

Kerneli yangu inapanga memori kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni data ngapi zinapita kwa mkupuo mmoja. Hapo kubwa ndiyo bora. Cha pili ni muda wa kusubiri. Hapo ndogo ndiyo bora. Niliandika cha kwanza. Kisha nikakinakili nipate cha pili. Nakumbuka kunakili. Nakumbuka nilikuwa nakula karanga. Sikumbuki kugeuza alama ya kubwa na ndogo.

Mama mkwe kaniuliza kama nimepaliwa. Nikasema ndiyo. Kanipiga mgongoni kikunga, bado panauma.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda ofisini. Mlinzi kaniuliza nimesahau nini. Nikasema bado sijajua.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Ni kweli. Jedwali la kiwanda liko sahihi: memori ya karibu nanosekunde tisini, ya mbali mia tatu na kumi. Mimi nimepanga kubwa juu. Mia tatu na kumi imekuwa Daraja la Kwanza! Kila programu iliyouliza kwa adabu pa haraka ni wapi, nimeishika mkono nikaipeleka uani. Na kwa kuwa tarakimu tulizificha, hakuna aliyeona.

Maktaba ya Bwana Ghala ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Ilikwenda ilikoambiwa.

Alama moja. Nimeigeuza kwenye nakala yangu. Nimejaribu kipande kidogo cha utabiri. Kimekwisha kabla sijakaa vizuri. Sikufurahi hata kidogo, na miezi kumi na minne niliingoja furaha hiyo.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nilikuwa niseme. Nilijizoeza bafuni.

Saa mbili: Bwana Ghala akaniletea chai mezani. Hajawahi. Kasema amefikiri sana, na kweli mimi nilikuwa sahihi, programu ziambiwe ukweli. Yeye alikuwa anashindana tu. Na ile radhi aliyoomba mbele ya watu, kasema, sasa anaiomba kutoka moyoni. Nikasema, kuna jambo. Kasema hapana, usinifariji, kunywa chai. Nikanywa chai.

Saa tano: Mkurugenzi. Barua yangu kaipeleka makao makuu kama mfano wa uandishi wa kikazi. Nikasema, kuhusu hiyo barua. Kasema, unyenyekevu wako ndio unaonifurahisha.

Saa tisa: nimesema peke yangu, chooni, kwa sauti. Kumbe dada wa mapokezi alikuwa chumba cha pili. Kaniuliza alama gani nimegeuza. Nikasema ya nyota.

Jumanne, 18 Machi

Mama mkwe kaona sina hamu ya chakula. Kaniangalia macho, ulimi, kucha. Kasema si mimba, si malaria, huyu ana jambo. Nikasema ni kazi tu, mama.

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Nimewazalisha wanawake miaka thelathini na nne. Waliokuwa wanasema 'si kitu, muuguzi' ndio walionitoa jasho."

Nikamwambia. Yote. Kaelewa haraka kuliko mtu yeyote wa ofisini. Kasema, kumbe uliwapeleka vipofu stoo, halafu ukamtukana aliyejenga nyumba. Nikasema ndiyo. Kasema nyani haoni kundule. Kisha kaniongezea wali, kana kwamba hayo mawili yanakwenda pamoja.

Mume wangu kafurahi waziwazi. Sio peke yake tena. Kasema kesho anampelekea dereva wa trekta leseni yake mkononi, nyumbani kwake. Kwa muuza maua bado anatafuta ujasiri.

Jumatano, 19 Machi

Sijasema.

Alhamisi, 20 Machi

Mtu wa kiwandani kaja. Mzee mfupi, suti ya kijivu, boksi analikumbatia kifuani. Kasafiri siku mbili. Kaomba radhi kwa mlinzi, kwa dada wa mapokezi, kwa Mkurugenzi. Aliponifikia mimi alikuwa ameshapata mazoezi, kaomba vizuri kabisa. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Kasema baada ya barua yangu walilikagua jedwali siku tano, watu sita, herufi kwa herufi, na kweli wamekuta kosa. Nikauliza, kosa gani? Labda lipo! Kasema tarehe ya toleo ilikuwa ya mwaka juzi. Wameirekebisha.

Tarehe. Ukitafuta kosa siku tano, watu sita, hata kwenye sala utalipata.

Wakaweka kifaa kipya. Mimi, nikisema nasafisha tu vumbi, nikaiwasha mashine kwa nakala yangu yenye alama iliyogeuzwa. Tukasubiri. Saa tatu na dakika hamsini na mbili! Kitengo kizima kikapiga kelele. Bwana Ghala kamkumbatia mtu wa kiwandani, akamnyanyua na suti yake. Mzee kafuta machozi.

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Ikatoka, "Hongereni."

Alipokuwa anafunga boksi kaniambia chemba kwamba yule aliyeandika jedwali, mama mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, amesimamishwa kazi tangu barua yangu ilipofika. Kasema ni kwa haki kabisa. Kasema hata mama mwenyewe hakubisha. Alisema kama mteja kakasirika kiasi kile, lazima kuna mahali alikosea.

Nimekuja nyumbani nikavua viatu, nikaona nimevaa soksi za rangi mbili. Nimekaa nikiziangalia mpaka wakaniita kula.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika mezani kwangu ofisini, saa kumi na robo jioni. Kwa nini naandika hapa? Ili mikono ipate kazi. Nitaeleza.

Asubuhi wageni walikuja. Utabiri ulitoka kwa saa tatu na dakika hamsini. Mama Mtabiri kautazama utabiri wa kesho siku moja kabla ya kesho, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kasema, "Mvua." Kisha kasema tena, kwa sauti ndogo, "Mvua, na bado haijanyesha." Kanishika mikono yote miwili. Mkurugenzi katangaza hakuna atakayehamia printa. Kaniita nguzo.

Lakini kuna kanuni yetu moja ambayo haimjui nguzo wala nani. Mabadiliko yoyote ya kerneli lazima yaandikiwe sababu, na yasainiwe na mhakiki asiye mwandishi. Yasiyosainiwa hufutwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, mashine ikarudi kwenye msimbo uliosainiwa. Alama yangu haijasainiwa. Ikifutwa, Jumatatu utabiri utarudi kuchukua saa kumi na moja, na Mama Mtabiri atarudi na mwavuli wake. Na mwenye ruhusa ya kusaini kerneli, zaidi yangu, ni mtu mmoja tu. Mwenye kofia ya safari.

Nimekaa mbele ya kile kisanduku cha sababu tangu saa nane. Nimeandika, "Usafi mdogo." Nikafuta. Nimeandika, "Kuboresha mpangilio wa madaraja." Ni kweli kabisa, kila neno. Nikafuta. Mwisho nikaandika: "Nilipanga muda wa kusubiri kinyume. Kosa ni langu, si la maktaba, si la kiwanda. Jedwali lilikuwa sahihi." Nikabonyeza kabla mkono haujabadili nia. Nikakaa. Nikaona hewa inaingia vizuri.

Dakika tano baadaye Bwana Ghala kaja na kiti chake mwenyewe, anakiburuta koridoni. Kafunga mlango. Hakunisalimu. Kavaa miwani, kakaa mbele ya skrini yangu. Anasoma.

Ni alama moja tu, lakini anasoma.

Nimemwambia kuhusu likizo yake. Nimemwambia nitaomba radhi mbele ya kitengo kizima, na dada wa mapokezi, na zulia. Nimemwambia kuhusu yule mama wa kiwandani. Kaniinulia kidole ninyamaze. Nilitegemea kelele. Kelele ningeziweza.

Sasa kafungua historia ya ule mstari. Anataka kuona ulivyozaliwa, nadhani, ili anilaumu kwa tarehe. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Umeandikwa na: mimi, Aprili mwaka jana. Umehakikiwa na –

Mimi pia sikukumbuka. Wallahi, sikukumbuka.

Umehakikiwa na yeye. Na chini yake maoni yake, neno kwa neno: "Nimesoma kila herufi. Safi sana."

Kavua miwani. Kaifuta kwa shati, muda mrefu mno kwa kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Saa kumi na dakika thelathini na tano. Kisanduku cha saini kiko wazi, mshale unapepesa.

Kaniuliza, taratibu, bila kunitazama, kama yule mtu wa kiwandani ameshaondoka.

Nimemwambia bado. Alilala mjini aone onyesho la leo, sasa yuko chini mlangoni na boksi lake, gari halijafika. Kutoka hapa dirishani namwona. Kaweka boksi juu ya benchi, yeye mwenyewe kasimama.

Bwana Ghala kaitikia, "Ahaa." Hajasaini. Hajanyanyuka. Wala mimi sijanyanyuka, naandika, na gari jeupe la kumchukua ndilo hili linakata kona